Jimny mpya kwa sura ya zamani: ifuate ukoo wake, Land Rover au Mercedes G?

Suzuki Jimny ya kizazi cha nne, iliyotoka Japani Julai 2018, ilichorwa tangu mwanzo ili ikumbushe magari ya zamani: taa za duara, boneti bapa, vioo vilivyosimama na tairi la akiba mgongoni. Wengi wanaoimiliki hawatosheki na ukumbusho huo. Hutaka gari lionekane kana kwamba lilishushwa bandarini miaka 40 au 50 iliyopita, ilhali wao wanaendelea kufaidi injini ya kisasa, breki za ABS na mifuko ya hewa. Hamu hiyo imezaa soko kubwa la vifaa vya kubadilisha sura, hasa Japani, ambako kampuni ya DAMD ilionyesha katika maonyesho ya magari ya Tokyo Auto Salon ya mwaka 2019 Jimny mbili za aina hiyo, moja kwa mfano wa Land Rover Defender na nyingine kwa mfano wa Mercedes-Benz G. Kwa kuwa magari ya Japani yana usukani upande wa kulia kama ya kwetu, na Jimny zilizotumika huletwa Mombasa na Dar es Salaam kutoka huko, vifaa hivyo hutufikia pia, vingine vikiwa tayari vimefungwa.

Mwenye gari hujikuta mbele ya njia tatu: kuirudisha Jimny kwenye sura ya Suzuki za zamani, kuivika sura ya Land Rover, au kuivika sura ya Mercedes G. Nitazilinganisha kwa Jimny ya milango mitatu yenye injini ya sentimita za ujazo 1,462, inayojulikana kwa alama JB74, na nitaitaja JB64, ile nyembamba ya sentimita za ujazo 658, pale inapoleta tofauti.

Vigezo vya ulinganisho

Kigezo cha kwanza ni mfanano wa umbo zima, yaani gari linavyoonekana kwa ubavu na kwa nyuma, si kwa mbele tu, kwa sababu picha za matangazo karibu zote hupigwa kutoka mbele. Cha pili ni urahisi wa kurudi nyuma: je, siku ukitaka kuuza, gari litarejea lilivyokuwa bila tundu wala kovu? Cha tatu ni uzito, upoaji wa injini na usalama barabarani. Cha nne ni gharama, pamoja na upatikanaji wa mafundi na vipuri. Cha tano ni nyaraka na bima.

Yale yasiyobadilika kwa njia yoyote

Kabla ya kuchagua sura, ni lazima kuufahamu mwili unaovikwa. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ya JB74 ni milimita 2,250. Jimny ya kwanza kabisa, LJ10 ya mwaka 1970, ilikuwa na milimita 1,930, na SJ30 ya mwaka 1981 ilikuwa na milimita 2,030. Mercedes G fupi ya mwaka 1979 ilikuwa na milimita 2,400. Land Rover fupi ya inchi 88, iliyotengenezwa hadi katikati ya miaka ya 1980, ilikuwa na takriban milimita 2,235. Jimny ya leo, basi, imewazidi wazee wake kwa mbali, inapungukiwa mbele ya G, na inakaribia kulingana kabisa na Land Rover ya inchi 88 kwa tofauti ya milimita 15 tu. Jambo hili halitajwi katika matangazo ya vifaa, nami naliona ndilo lenye uzito kuliko grili yoyote, kwa kuwa jicho husoma uwiano wa magurudumu na bodi kabla ya kusoma uso.

Pili, kuna suala la uzito, ambalo wengi hulipuuza. JB74 tupu ina takriban kilo 1,100, na uzito wa juu unaoruhusiwa, pamoja na watu na mizigo, ni kilo 1,435. Nafasi inayobaki ni kama kilo 335. Watu wazima wanne wenye wastani wa kilo 70 huchukua 280, kwa hiyo zinasalia takriban 55 kwa mizigo na mapambo yote. Keria ya chuma, ngazi ya nyuma, madumu ya mafuta na bampa nzito ya mbele humaliza kiasi hicho kabla mtu hajapakia begi lake, na injini yenye nguvu za farasi 102, hasa ikiwa na giaboksi ya otomatiki ya gia nne, huonyesha mzigo huo katika mlima wa kwanza.

Tatu ni tairi. Magari yote matatu tunayoyaiga yalisimama juu ya tairi nyembamba na ndefu kwenye rimu za chuma za inchi 16. Tairi pana zinazopendwa siku hizi huiharibu sura ya zamani hata kama kila kitu kingine kimepatiwa. JB74 hutoka kiwandani na tairi za 195/80R15, zenye kipenyo cha karibu milimita 693. Ukipanda hadi 235/75R15 kipenyo hufika karibu 733, tofauti inayokaribia asilimia 6, na hapo spidomita ikionyesha 100 wewe unakwenda karibu 106, breki zinafanya kazi zaidi, na mara nyingi gari huhitaji kuinuliwa au bampa kukatwa pembe ili tairi lisiguse. Ukitafuta mwonekano wa zamani, baki karibu na kipimo cha kiwandani na utumie fedha hizo kwenye rimu za chuma zilizopakwa rangi.

Njia ya kwanza: sura ya Suzuki za zamani

*Mfanano.* Wabunifu wa Suzuki walikwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi. Grili yenye mianya ya wima, taa za duara, boneti pana inayofunika pande zote mbili na taa za nyuma zilizowekwa chini kwenye bampa ni vitu vinavyotoka kwenye ukoo wenyewe. Kinachobaki ni kubadilisha grili kwa ile yenye herufi za SUZUKI, kuweka rimu za chuma nyeupe au za fedha, kupaka bampa rangi ya kijivu au nyeupe badala ya kuziacha nyeusi, na kubandika mistari ya ubavuni ya mtindo wa miaka ya 1980. Udhaifu ni ukubwa: hakuna namna ya kuifanya JB74 iwe ndogo kama SJ, na madgadi zake pana za plastiki zinakataa kusahaulika. JB64, ambayo haina madgadi hizo na ina upana wa milimita 1,475 pekee pamoja na tairi nyembamba za inchi 16, inafaa zaidi kwa njia hii kuliko ndugu yake.

*Kurudi nyuma.* Hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote kuifuta. Grili hutoka kwa klipu na skrubu, stika hubanduka kwa joto kidogo, na rimu za awali hukaa stoo.

*Uzito, upoaji na usalama.* Karibu hakuna kinachoongezeka. Angalizo moja ni mfumo wa breki za dharura zinazojifunga zenyewe, kwa magari yanayokuja nao: Jimny za toleo la 2018 zenye mfumo huo zina kamera na leza kwenye kioo cha mbele, karibu na kioo cha kutazama nyuma, kwa hiyo kofia ya jua ya nje au stika pana juu ya kioo, pambo linalopendwa sana katika mtindo wa miaka ya 1980, isifunike sehemu hiyo.

*Gharama na mafundi.* Ni ya chini, na fundi yeyote makini wa rangi na bodi anaiweza.

*Nyaraka.* Usipobadilisha rangi kuu ya bodi, hakuna cha kusajili.

Inamfaa mtu anayeipenda Jimny kwa kuwa ni Jimny, na anayetaka gari lake lisiombe radhi kwa jina lake.

Njia ya pili: sura ya Land Rover

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki njia hii ina mvuto ambao hauhitaji kuelezwa. Land Rover ilizinduliwa Amsterdam mwaka 1948, na kwa miongo mingi ndiyo iliyobeba maofisa wa wanyamapori, polisi, wamisionari na wapima ardhi katika barabara ambazo hazikuwa barabara. Oktoba 2024 Arusha ilijaa mamia ya magari hayo kwenye tamasha lake, yakiwamo yaliyowazidi umri madereva wao. Anayechagua sura hii anagusa kumbukumbu za watu wengi, kwa hiyo anawajibika kuipatia.

*Mfanano.* Vifaa vingi sokoni huiga Defender, jina lililoanza kutumika mwaka 1990 na gari ambalo uzalishaji wake ulikoma Solihull Januari 2016. Nafikiri hapo ndipo wengi hupotea njia. Kwa vipimo vyake, Jimny inafanana zaidi na Land Rover Series III ya inchi 88, iliyoanza mwaka 1971, ambayo taa zake kubwa zimekaa kwenye mabawa, pembeni mwa grili bapa. Taa za Jimny nazo ziko pembeni, na kila moja ina indiketa ya duara iliyojitenga jirani yake, kama zilivyo taa za Land Rover. Hivyo kinachotakiwa ni grili ya wavu au ya mistari iliyolala bapa, rangi ya kijani iliyokolea au kijivu cha bluu, paa la rangi ya maziwa na rimu za chuma za rangi hiyohiyo. Paa jeupe peke yake hufanya zaidi ya nusu ya kazi, tena kwa faida ya kweli, kwa sababu hurudisha jua; Land Rover za nchi za joto ziliwekewa hata paa la pili juu ya paa ili kivuli na hewa vipite katikati.

Inapofikia ubavu, ukweli hujitokeza. Land Rover ina bawaba za milango zinazoonekana nje, ina vidirisha vidogo kwenye kingo za paa, na taa zake za nyuma ni duara ndogo zilizopangwa kwenye pembe za bodi. Jimny haina hata kimoja. Ziko bawaba za bandia za plastiki na vidirisha vya kubandika. Kwa maoni yangu ni bora kuviacha. Kitu cha bandia kinachokaa hatua moja kutoka kwa mtazamaji huvuruga hata kile kilichofanikiwa.

*Kurudi nyuma.* Inategemea umefika wapi. Grili na paa lililofunikwa kwa stika maalumu ya bodi hurudishika. Boneti ya faibaglasi hurudishika pia, mradi umehifadhi ile ya chuma. Toboa bodi kwa ajili ya bawaba, ngazi au vishikizo, nawe umeshavuka mto. Bodi ya Land Rover ilikuwa ya alumini kwa sehemu kubwa. Ya Jimny ni ya chuma. Tundu lililotobolewa na kuachwa bila dawa ya kuzuia kutu, kwa gari linalolala Tanga, Zanzibar au Mombasa, huanza kutoa machozi ya rangi ya kahawia chini ya skrubu mvua za kwanza zikipita. Panapowezekana tumia gundi ya pande mbili ya magari.

*Uzito, upoaji na usalama.* Nyuma ya grili ya Jimny kuna kondensa ya kiyoyozi na rejeta. Grili yenye wavu mnene, ikiongezewa taa mbili kubwa za ziada mbele yake, huziba hewa. Lijaribu gari likiwa limesimama na kiyoyozi kikiwaka, saa saba mchana, kabla hujamlipa fundi malipo ya mwisho. Kiyoyozi kikianza kutoa hewa vuguvugu, mianya haitoshi. Njia hii ndiyo yenye vishawishi vikubwa vya kuongeza vitu vizito, kwa kuwa picha ya Land Rover akilini mwetu ina keria iliyojaa, kwa hiyo hesabu ya kilo 55 iwe karibu nawe.

*Gharama na mafundi.* Ni ya kati, na hupanda haraka ukichukua seti nzima. Seti za faibaglasi hutofautiana sana kwa ubora. Ifunge kwanza ikiwa haijapakwa rangi, ushushe boneti taratibu, kisha upitishe ncha ya kidole kwenye mwanya kati ya boneti na bawa kuanzia kwenye kioo hadi kwenye taa. Mwanya ukianza mwembamba na kuishia mpana, seti ile imepinda, na hakuna puti itakayoficha jambo hilo kwa zaidi ya miezi michache ya barabara za vumbi na matuta.

*Nyaraka.* Kubadilisha rangi kuu ya bodi ni mabadiliko ya taarifa za usajili, yanayopitia mamlaka ya usafiri, NTSA, nchini Kenya na mamlaka ya mapato, TRA, nchini Tanzania, na kampuni ya bima iarifiwe kuhusu vifaa vyenyewe, la sivyo ajali itakapotokea utalipwa thamani ya Jimny ya kawaida. Walio Ujerumani wahakikishe kila kifaa cha bodi kina cheti, kwa kuwa wakaguzi wa TÜV watakiuliza. Beji ya Land Rover isiwekwe. Ni alama ya biashara ya watu wengine, na humdanganya atakayelinunua gari baada yako.

Inamfaa anayeishi na kusafiri mahali ambapo Land Rover ina historia, na ambaye yuko tayari kuishia kwenye rangi, paa, grili na rimu.

Njia ya tatu: sura ya Mercedes G

*Mfanano.* G ilianza kutengenezwa Graz, Austria, mwaka 1979 kwa ushirikiano wa Mercedes na Steyr-Daimler-Puch, ikiwa gari la kazi na la jeshi, lenye rimu za chuma, grili nyeusi ya kawaida na viti vya kitambaa. Vifaa vingi vinavyouzwa leo, hata hivyo, haviigi gari hilo. Huiga G za kifahari za miaka ya karibuni, zenye madgadi zilizotuna, grili inayong'aa na mabomba ya moshi ubavuni. Huo ni mtindo halali kwa anayeupenda, ila hauna uhusiano na gari la zamani. Anayetaka G ya 1979 atafute grili nyeusi yenye mistari ya mlalo, rangi tulivu kama krimu, kijani cha jeshi au kahawia ya mchanga, na kifuniko kigumu cha tairi la akiba.

Kwa nyuma G inaishinda Land Rover, kwani taa zake ziko chini karibu na bampa kama za Jimny, na tairi la akiba limekaa mlangoni vilevile. Kwa mbele kuna tatizo la indiketa, ambazo kwenye G zimepanda juu ya mabawa. Seti nyingi huweka vikopo vya rangi ya chungwa mahali hapo, na ni lazima uamue kama vitawaka kweli. Visipowaka ni pambo tupu. Vikiwaka, nyaya zake zipitishwe na fundi umeme anayejua kufunga relei, si kwa kuchuna waya wa kiwandani na kuufunga kwa utepe. Kwa ubavu, upungufu wa milimita 150 kati ya ekseli huonekana, na gari huwa na sura ya kifupi mno.

*Kurudi nyuma.* Ni ngumu zaidi kuliko njia mbili za kwanza, kwa kuwa seti kamili huhusisha boneti, bampa zote mbili, madgadi na wiring'i ya taa. Seti zenye madgadi pana huhitaji matundu.

*Uzito, upoaji na usalama.* Faibaglasi yenyewe ni nyepesi, ila bampa zinazoshuka chini kwa ajili ya urembo hula pembe ya kupandia, yaani mwinuko ambao gari linaweza kuuanza bila bampa ya mbele kugusa ardhi, ambayo kwa JB74 ya kiwandani ni nyuzi 37. Anayepita makorongoni atalihisi hilo siku ya kwanza.

*Gharama na mafundi.* Ndiyo ya juu, na bampa iliyovunjika haina mbadala dukani. Itafumwa upya kwa mkono au kuagizwa. *Nyaraka* ni kama kwa Land Rover, na suala la beji lina uzito zaidi hapa, kwani nyota ya Mercedes juu ya Suzuki hubadilisha heshima kuwa udanganyifu.

Inamfaa mkazi wa mji anayependa mistari iliyonyooka na kazi safi ya rangi, na ambaye gari lake halitegemewi kwa njia mbaya.

Uchague vipi kwa hali yako

Ukiwa umenunua gari kwa mkopo, au unatarajia kuliuza ndani ya miaka michache, chukua njia ya kwanza na uhifadhi kila kifaa cha awali kwenye boksi lenye maandishi. Wanunuzi wengi wa Jimny iliyotumika hutaka kuiona ilivyotoka kiwandani.

Ukiwa na JB64, njia ya kwanza ndiyo itakayokupa mfanano wa karibu zaidi, na sioni sababu ya kuufunika wembamba wake kwa madgadi za G.

Ukisafiri mbugani na vijijini, Land Rover ya Series III ndiyo inayolingana na vipimo na kazi, kwa sharti kwamba keria iwe ya alumini na usiijaze. Ukiwa na familia ya watu wanne wanaosafiri pamoja mara kwa mara, iache keria kabisa.

Ukikaa pwani, pima kila njia kwa idadi ya matundu inayodai kwenye chuma, na uchague yenye machache.

Ukiendesha zaidi kwenye lami, una fundi bodi ambaye umeiona kazi yake ikiwa na miaka miwili juani, na fedha si kikwazo, G ya 1979 inaweza kutoka nzuri sana, ilimradi umweleze muuzaji wa vifaa mwaka unaoutaka na ukatae kila kinachong'aa.

Na ukiwa bado huna uhakika, anza na rimu za chuma na tairi za kipimo cha kiwandani, ambazo njia zote tatu zinazihitaji, kisha funika paa kwa stika nyeupe inayobanduka. Liendeshe hivyo kwa msimu mmoja wa jua na mmoja wa mvua kabla ya kuagiza grili.